Nani Aanze Kuubadili Moto Wake?

Katika mahitaji ya binadamu, moto hufuata maji na chakula. Mnyama wa nchi ya baridi amepewa manyoya juu ya ngozi na mafuta chini yake. Binadamu amepewa akili na mikono miwili, ajitafutie joto mwenyewe. Kwa hiyo tangu zamani kila taifa limekuwa na moto wake, na kila moto umekuwa na gharama yake. Mwenye kuni hupunguza msitu; mwenye makaa ya mawe huchafua hewa; mwenye gesi hutoa moshi usioonekana kwa macho, walakini upo. Swali la insha hii ni hili: mtu akijua kwamba moto wa nyumba yake unawadhuru wengine, na wengi wao hawajui, na baadhi yao hawajazaliwa, je, ni wajibu wake kuubadili? Na kama ni wajibu, aanze lini: sasa, au siku ile wenzake wote watakapokuwa tayari?

Wahenga wametuachia majibu mawili, na kila moja lapingana na mwenzake. Mmoja alisema kwamba haraka haraka haina baraka. Mwingine akasema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanafunzi hawezi kuyafuata yote mawili kwa wakati mmoja. Hana budi kuuliza ni lipi linalofaa katika jambo lililo mbele yake, na kwa sababu gani. Jambo la moto wa nyumbani linaonekana wazi sana katika nchi ya Uingereza. Basi na tuitazame nchi hiyo kwanza, kisha turudi kwetu.

Kwa Waingereza joto la nyumba si anasa. Majira ya baridi huko ni marefu, na mzee au mtoto mchanga akikaa katika nyumba isiyo na joto huugua, na pengine hufa. Kwa karne nyingi walichoma kuni, kisha wakachoma makaa ya mawe. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1952, moshi wa makaa hayo ulichanganyika na ukungu juu ya mji wa London kwa muda wa siku 5, hata watu wakawa hawaoni njia mchana. Wakati ule ilikadiriwa kwamba watu wapatao 4,000 walikufa. Wataalamu waliochunguza baadaye walisema kwamba huenda walifika 12,000. Mwaka wa 1956 bunge lilipitisha sheria ya hewa safi. Kisha gesi ya asili ilipatikana chini ya Bahari ya Kaskazini, na kati ya mwaka wa 1967 na 1977 mafundi waliingia nyumba kwa nyumba, wakabadili mamilioni ya majiko na vyombo vya joto ili vitumie gesi hiyo, badala ya ile ya zamani iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe. Hata leo nyumba zaidi ya milioni 20 hupata joto lake kwa boila la gesi, yaani chombo kinachochoma gesi, kikapasha maji moto, na kuyazungusha katika mabomba na vyuma vilivyowekwa kila chumbani.

Gesi ilikuwa neema. Haikuleta masizi wala ukungu wa kuua. Lakini neema ya jana yaweza kuwa deni la leo. Gesi inapoungua hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo hukaa angani miaka mingi na kuzuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi linavyozuia joto la mwili. Nayo haitambui mpaka wa nchi. Ile inayotoka katika paa la nyumba moja ya Manchester huchanganyika na anga ya mataifa yote, ikawa sehemu ya joto linalomfikia mfugaji ambaye hajapata kuliona boila maishani mwake.

Sasa kimepatikana chombo kingine. Joto, kwa tabia yake, hutoka penye moto likaenda penye baridi, kama maji yatelemkavyo kutoka mlimani kwenda bondeni. Lakini kama maji yawezavyo kupandishwa kwa pampu, joto nalo laweza kupandishwa. Friji hufanya kazi hiyo kila siku: hutoa joto ndani ya sanduku na kulitupa nyuma yake, na mtu akiweka mkono hapo atalihisi. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa kazi. Huchukua joto la hewa ya nje, hata kama hewa hiyo ni ya baridi, na kulitia ndani ya nyumba. Fikira hii si mpya. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliieleza mwaka wa 1852, na mwaka wa 1938 jengo la baraza la mji wa Zürich, Uswisi, lilianza kupata joto kwa pampu iliyolichota katika maji ya mto Limmat. Kwa kuwa pampu hulisafirisha joto tu, wala haichomi kitu ili kulipata, yuniti moja ya umeme huweza kuleta yuniti 3 hivi za joto.

Hapo ndipo swali la maadili linapozaliwa. Pampu hula umeme. Na umeme nao umetoka wapi? Kama umetoka katika makaa ya mawe peke yake, yuniti moja huwa imetoa karibu kilo moja ya hewa ya ukaa. Gawanya kwa 3, utaona kwamba kila yuniti ya joto imegharimu gramu zaidi ya 300. Boila zuri la gesi hutoa gramu 200 hivi kwa kiasi hicho hicho cha joto. Basi katika nchi yenye umeme wa makaa matupu, mwenye pampu angeichafua hewa kuliko jirani yake mwenye gesi, ijapokuwa nia yake ni safi. Mwaka wa 2012 makaa ya mawe yalizalisha karibu sehemu 2 kati ya 5 za umeme wa Uingereza, na yuniti moja ilibeba karibu gramu 500. Kwa hesabu ile ile, joto la pampu lilibeba gramu 170 hivi. Faida ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo. Baada ya hapo vinu vya upepo viliongezeka nchi kavu na baharini, na vituo vya makaa vikafungwa kimoja baada ya kingine. Tarehe 30 Septemba 2024 kilifungwa kile cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, miaka 142 tangu kituo cha kwanza cha makaa kufunguliwa London mwaka wa 1882. Umeme wa mwaka huo ulibeba chini ya gramu 150 kwa yuniti. Gawanya kwa 3: joto la pampu limekuwa chini ya gramu 50, yaani robo ya joto la gesi.

Na tulifikiri jambo hili kwa makini. Chombo ni kile kile, na kidole kinachobonyeza swichi ni kile kile. Lakini tendo limezidi kuwa jema mwaka hata mwaka bila ya mtendaji kuongeza lolote. Tumezoea kuamini kwamba wema wa tendo hutoka ndani ya moyo wa mtu. Hapa twaona wema ambao nusu yake imo mkononi mwa mwenye nyumba, na nusu imo mikononi mwa watu asiowajua: mafundi wa vinu, wahandisi wa nyaya, wabunge waliopitisha sheria. Je, mtu kama huyu aanze kabla ya wenzake kuitimiza sehemu yao?

Mwenye kungoja ana hoja zake, wala si haki kuzidharau. Husema kwamba kuifunga pampu hugharimu maelfu mengi ya pauni. Na ingawa tangu mwaka wa 2023 serikali imewapa wenye nyumba wa Uingereza na Wales ruzuku ya pauni 7,500, gharama inayobaki si haba. Husema tena kwamba yuniti ya umeme nchini mwake huuzwa kwa bei inayokaribia mara 4 ya bei ya yuniti ya gesi; kwa hiyo faida ya pampu humezwa na ankara. Mwisho husema kwamba nyumba yake ni moja katika mamilioni, na kuzima boila moja hakutaipoza dunia.

Hoja ya kwanza na ya pili zina uzito, nasi tutazirudia. Ya tatu haina. Kama wakazi wa kijiji huchota maji katika mto mmoja, na kila mmoja humwaga humo ndoo moja ya taka, kila mmoja aweza kuapa kwamba ndoo yake peke yake haikuuharibu mto. Naye atakuwa amesema kweli. Hata hivyo mto umeharibika, na hakuna aliyeuharibu isipokuwa wao. Dhara likiwa limejengwa kwa vitu vidogo, udogo wa kila kimoja hauwezi kuwa udhuru. La sivyo itabidi tuseme kwamba uovu mkubwa ukigawanywa kwa watu wengi hugeuka kuwa si uovu, na hapana mwenye akili atakayekubali maneno hayo.

Tena mwenye kungoja husahau umri wa vyombo. Boila hudumu miaka 15 hivi. Aliyenunua boila mwaka wa 2012, kwa kuwa umeme wa mwaka huo ulikuwa bado na uchafu mwingi, alikuwa akichoma gesi mwaka wa 2024, wakati umeme ulipokwisha kuwa safi kuliko zamani. Aliupima umeme wa siku ile ya kununua, na chombo alikinunua cha siku 5,000 za mbele. Mwenye kupanda mwembe haupimi kwa kivuli unachotoa siku ile anapoufukia mzizi. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba anapongoja amesimama pembeni, hana alilochagua. Boila lake la zamani likifa naye akanunua jingine, amekwisha kuchagua gesi kwa miaka 15, na kungoja kwake ni tendo kama matendo mengine.

Liko na jambo la tatu. Wote wakingojeana, siku ya kuanza haitafika. Fundi hajifunzi kazi isiyo na wateja, kiwanda hakiongezi bidhaa isiyo na wanunuzi, bei haishuki. Norwei ni nchi ya baridi kali kuliko Uingereza, na karibu umeme wake wote hutoka katika maporomoko ya maji. Huko zaidi ya nusu ya nyumba zina pampu za joto. Watu wake si watakatifu kuliko wengine. Walikuwa na umeme wa maji, wakawa na wa kwanza walioanza, na walioanza wakawarahisishia waliofuata.

Lakini mwenye kuharakisha naye anastahili kuulizwa maswali. Yeye husema: na ipigwe marufuku gesi kesho, na kila nyumba ibadilishwe. Mwulize habari za mjane anayepanga chumba katika nyumba ya mtu mwingine. Ukuta si wake, boila si lake, wala paa linalovujisha joto si lake. Ankara tu ndiyo yake. Wajibu haumdai mtu asichonacho. Ukimdai, wajibu umegeuka kuwa dhuluma iliyovaa kanzu ya wema. Mwulize pia habari za mabomba ya gesi. Gharama ya kuyatunza hugawanywa kwa wote wanaoyatumia. Matajiri wakihamia kwenye umeme kwanza, gharama ile ile itagawanywa kwa wachache waliobaki, na waliobaki ndio wasio na uwezo wa kuhama. Basi tendo jema la tajiri, lisipoangaliwa, laweza kuuongeza mzigo wa maskini. Huu si udhuru wa tajiri kukaa na boila lake. Ni sababu ya serikali kuuweka mkono wake kati yao.

Kwa hiyo nasema kwamba wajibu huu umegawanyika, wala hakuna awezaye kuutua wote juu ya kichwa cha mwingine. Sehemu ya serikali ni kuusafisha umeme, kuziba pengo kati ya bei ya umeme na ya gesi, na kuwasaidia wasiojiweza. Sehemu ya mwenye nyumba ya kupangisha ni kuitengeneza nyumba, maana yeye ndiye mwenye ukuta. Sehemu ya mwenye uwezo ni kutonunua tena chombo cha moto wa zamani siku kile alicho nacho kitakapokufa. Na akifanya mapema zaidi, apewe sifa. Sehemu ya asiye na uwezo ni ndogo, nayo ni kutokuwa mpinzani wa jema kwa sababu tu limeanzia kwa mwingine. Hapo yale majibu mawili ya wahenga hupata kila moja mahali pake. Yule anayetaka kuwalazimisha wenzake kabla hawajaweza na aambiwe kwamba haraka haraka haina baraka. Yule anayeweza naye hataki na aambiwe kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Tena mara nyingi matumbo yanayoumia si ya mwenye kungoja.

Sasa turudi kwetu. Mwanafunzi wa Kenya aweza kusema kwamba haya ni mambo ya watu wa baridi. La, kwetu swali ni lile lile, ila limegeuzwa juu chini. Uingereza moto wa nyumbani ulitangulia kuwa safi, na umeme ukachelewa. Kwetu umeme umetangulia, na moto wa meko umechelewa. Mvuke wa ardhini umezalisha umeme huko Olkaria tangu mwaka wa 1981. Mto Tana huzungusha mitambo katika mabwawa yake. Upepo wa Turkana huzungusha vinu vyenye uwezo wa megawati 310. Na katika miaka hii karibu sehemu 9 kati ya 10 za umeme unaozalishwa nchini hutoka katika mvuke, maji, upepo na jua. Mataifa mengi yenye mali yangefurahi kuwa na hesabu kama hiyo. Lakini sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zetu zilipika kwa kuni, na nyingine nyingi kwa makaa. Waya wa umeme hupita juu ya paa, na chini ya paa mama anapuliza moto huku machozi yakimtoka.

Je, na sisi tulaumiane? Aliyebeba kuni mgongoni si mkosaji. Hakuuchagua moshi, aliuchagua ugali uive, na watoto wale. Bei ya yuniti ni kubwa kwake, jiko la umeme ni ghali, na umeme wenyewe hukatika. Tena hewa ya ukaa ambayo Mkenya mmoja huitoa ni kidogo sana ikilinganishwa na ile ya Mwingereza, ambaye mababu zake walichoma makaa ya mawe tangu viwanda vya kwanza vilipoanza. Katika deni la dunia, aliyekopa zaidi na alipe zaidi. Huo ni uadilifu wa kawaida, hata sokoni unajulikana.

Lakini kuna deni jingine, la karibu. Moto wa Mwingereza humdhuru mtu wa mbali asiyemwona, na hilo ndilo linalomfanya awe mzito kuona wajibu wake. Moto wetu hudhuru kwanza kifua cha mama yetu na macho ya dada yetu, kisha msitu ulioshika maji ya mto wetu. Tena huko Limuru na Kinangop, baridi ya Julai inapouma, wako watu ambao huliingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga dirisha, wakalala. Na hewa ya sumu inayotoka katika makaa, isiyo na rangi wala harufu, imewaua wengine kabla ya asubuhi. Mtu hahitaji kujua habari za anga ya dunia yote ili atambue kwamba moto wa namna hii unapasa kubadilishwa. Kwetu wajibu huu hauanzi kwa mgeni. Huanza kwa jamaa.

Kwa hiyo kanuni ile ile hutufaa. Mwenye mshahara mzuri, ambaye nyumba yake ina umeme wa Olkaria naye bado hununua gunia la makaa kwa mazoea tu, ana la kujibu. Wenye mamlaka, ambao huupanga ushuru na bei ya yuniti, wana la kujibu zaidi. Mama wa kijijini ana la kudai. Na wewe, kijana, ambaye bado huna nyumba wala ankara, una mambo mawili uwezayo kuyafanya kabla ya kuwa fundi, mhandisi au mbunge: kuwaonya walio nyumbani wasilale na jiko la makaa chumbani, na kujifunza hesabu hii ya gramu na yuniti hata uweze kuwaeleza wengine bila ya kuwatukana. Maana siku itafika utakapojenga nyumba yako, na siku hiyo utachagua moto. Utakaouchagua utawaka miaka mingi, na wengine watauota au watavuta moshi wake pamoja nawe.